Mama Anavinyoosha Vigingi vya Wanafunzi Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinihukumu mpaka ufike mwisho wa barua hii, maana ukiishia katikati utaniona mtoto mbaya na ukifika mwisho huenda ukaniona mwalimu mbaya, na mimi mwenyewe sijui ni kipi kati ya hivyo viwili, najua tu kwamba usingizi umenihama na chakula nakimeza kwa shida kama ninayemeza mchanga.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na wanafunzi wananiita Mama Miamba tangu mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu nikianza kueleza jinsi jua na baridi na mvua vinavyoupasua mwamba mpaka ukawa udongo, na udongo nao unavyoanza safari ya kuteremka polepole bila mtu kuona, nasahau hata kengele imelia. Wenzangu hufundisha somo hilo kwa kuchora mlima ubaoni na kuweka mishale, mimi nikaona huo ni uvivu, maana mlima wenyewe uko nje ya dirisha la darasa na nyumba za watu zimeung'ang'ania kama kupe, sasa nichore nini? Nikaliunganisha somo na klabu ya kujitolea, na kila Jumamosi tukawa tunapanda kwenye mtaa wa juu tukiwa na majembe, tunazibua mitaro, tunapanda nyasi kwenye kingo zilizobaki wazi, tunawachotea wazee maji, na kazi ikiendelea nawauliza, huu mti kwa nini shina lake limepinda chini halafu likanyooka juu, huu ukuta kwa nini umepasuka kwa kupanda kama ngazi. Watoto walilipenda somo na mtaa ukawapenda watoto.

Mtaa huo ndiko nilikozaliwa, na nyumba ya juu kabisa ni ya mama yangu. Baba alikuwa mwashi, aliijenga mwenyewe tofali kwa tofali, na alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, pale alipopenda kukaa jioni akisafisha mwiko wake. Mama hufagia pale kila asubuhi kabla hajafagia ndani, na huongea naye, nimewahi kumsikia akimlalamikia kuhusu bei ya sukari kana kwamba amerudi dukani sasa hivi na mzee anamsikiliza.

Msimu wa mvua uliopita, kipande cha mteremko upande wa pili wa mlima kiliporomoka kikafunika banda la kuku, hakuna mtu aliyeumia ila watu waliogopa, na mzee wa mtaa akaniita akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu wa mambo ya udongo. Tukae au tuhame?" Nikamwambia tutapima kwanza. Wanafunzi wakachonga vigingi, wakavichomeka kwa mstari mmoja ulionyooka, kuukata mteremko kwa upana, juu kidogo ya nyumba ya mama, kutoka jiwe kubwa la upande huu hadi jiwe kubwa la upande ule, mawe ambayo ni mwamba wenyewe uliochomoza na hayaendi popote. Ardhi ikiwa inatambaa itavibeba vigingi vya katikati na mstari utatoka tumbo kuelekea chini, isipotambaa mstari utabaki vilevile, ni jambo hata mtoto wa shule ya msingi analielewa. Kila mwisho wa mwezi tulivuta uzi kutoka jiwe hadi jiwe tukatazama, na kila mwezi mstari ulikuwa umenyooka utadhani umepigwa rula, na mama akituletea chai chini ya vigingi hivyo huku akiwaambia wanafunzi wanywe, wasione haya, kazi yao ni nzuri.

Ni mwanafunzi mmoja tu aliyekuwa na neno, binti mkimya ambaye wenzake humwita Shubiri kwa vile hupima kila kitu kwa kiganja chake, siku moja akanyoosha mkono darasani akasema, "Samahani mwalimu. Mlango wa jikoni kwa bibi anayetupa chai haufungi. Fundi ameupiga randa, ukafunga, sasa umekwama tena. Mimi naona nyumba inasogea. Mbona vigingi havisogei?" Nami, mshauri, nikamjibu, "Mwanangu, mlango ni mbao, na mbao huvimba. Sisi tunaamini vipimo, hatuamini milango." Darasa zima likaangua kicheko, binti akakaa chini, na kuanzia siku hiyo hakuuliza tena.

Basi kikaitishwa kikao cha mtaa, nikasimama mbele ya majirani walionilea nikawaambia ardhi imetulia, lalani usingizi. Fundi cherehani wa nyumba iliyo chini ya ile ya mama alikuwa ameshahamisha cherehani yake, amepanga chumba kule bondeni, akarudi na mizigo yake yote, na bintiye aliyejifungua karibuni akarudi naye, akanikumbatia mbele ya watu akasema, "Umenirudishia nyumba yangu." Ofisi ya elimu ikatupa cheti, mwalimu mkuu akakitundika ukutani juu ya kiti chake.

Jumanne iliyopita sikuwa na kipindi cha kwanza nikampelekea mama dawa zake za presha. Sikumkuta ndani. Nilimkuta juu, amepiga magoti, ana nyundo ya baba, na uzi wa uashi wa baba ameuvuta kutoka jiwe hadi jiwe, anang'oa kigingi kimoja kimoja cha katikati anakirudisha juu kwenye mstari, anakigongomea, anashindilia udongo kwa kiganja. Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?" Akageuka na uso wa furaha kabisa, akasema, "Si nawanyooshea watoto kazi yao? Kila nikitazama vimekwenda kombo. Vijana wa siku hizi hawajui kugongomea. Baba yenu angeona mstari umepinda hivi, angelala?" Nikamuuliza ameanza lini. Akasema, "Tangu mlipoviweka. Kwani vibaya?"

Nilikaa chini palepale na sketi yangu ya shule. Nikamweleza yote, kwamba vigingi havikuharibiwa na watoto, vilikuwa vinabebwa, na kwa kila alichokinyoosha alikuwa amefuta neno ambalo mlima ulitaka kutuambia. Alinisikiliza huku anapangusa mikono, kisha akashuka akachukua ufagio akaanza kufagia kaburi, na hapo ndipo nilipoona kaburi limepasuka kwa upana, na ufa umezibwa kwa saruji kwa ustadi, na kando ya ile saruji umetoka ufa mwingine mpya ambao nao umeshaanza kuzibwa. Nikasema, "Mama, itabidi uhame, na majirani itabidi niwaambie." Akasema bila kuniangalia, "Nikiondoka, huyu anabaki na nani?" Kisha akasema, "Na ukiwaambia watu, utakuwa umenivua nguo. Watasema mama wa mwalimu amewadanganya watu wazima. Ukisema, mimi sitoki, mtanikuta humuhumu." Mama yangu hajawahi kuniomba kitu maishani, mshauri, na hilo lilikuwa ombi ingawa alilisema kwa ukali.

Nikampigia kaka yangu anayeishi mbali, akanijibu, "Mlima ule tumezaliwa tukaukuta na tutakufa tuuache. Acha kumpandisha mama presha, na mambo ya ndani yamalizwe ndani." Nikaenda kwa mwalimu mkuu, yeye akatazama cheti chake, akafikiri, akaniambia, "Rahisi. Waambie watu kwamba wanafunzi walikosea kupima. Ni watoto, nani atawalaumu? Mtaa utahama, mama yako atakuwa na heshima yake, shule itaomba radhi kidogo." Na nitakueleza ukweli ulio mchungu, nilikubali. Nilirudi nyumbani nikajifunza maneno ya kusema. Asubuhi nikaingia darasani, Shubiri akiwa kiti chake cha mbele, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya akaningoja nifundishe, na maneno yote yakanitoka kichwani, nikawaambia wasome wenyewe, nikatoka nje nikalia nyuma ya maktaba.

Sasa mawingu yameanza kukaa mlimani, na mimi sijamwambia mtu. Nikipita mlangoni kwa fundi cherehani nasikia kile kichanga kinalia, naongeza mwendo. Mama nampelekea dawa, ananipokea, hatuzungumzi habari ile. Sijamuuliza kama alikuwa anajua anachokifanya, kwa sababu naogopa jibu. Nikisema ukweli namuua mama yangu kwa aibu, nikiwasingizia wanafunzi nawaua wao kwa namna nyingine, na nikinyamaza, mshauri, siwezi hata kuliandika. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mama Miamba

MSHAURI ANAJIBU

Mama Miamba, barua yako haikungoja zamu. Nilipofika kwenye kile kichanga nilivua miwani nikakupigia simu kwa namba uliyoiandika chini ya barua, na haya ndiyo uliyoyasikia kwangu asubuhi ile. Nayaandika tena kwa sababu nilikuwa nafoka na huenda hukuyashika yote, na kwa sababu wewe mwenyewe ulisema nichapishe, kwamba gazeti likitoka mtaa mzima utakuwa umeshajua.

Pole, mwalimu wangu. Pole sana. Kufiwa na baba ni jambo moja, kuona ardhi inataka kumchukua mara ya pili ni jingine, na wewe umelibeba peke yako huku umeshika chaki. Nimeisoma barua yako nikalia, sikufichi.

Nimeshalia. Sasa tuseme.

Umejaza kurasa ukiuliza nani aaibike, mama au wanafunzi, kama vile hakuna mtu wa tatu. Nani aliyesimama kikaoni akasema lalani usingizi? Si mama yako, wala si Shubiri. Ni wewe. Na kuna jambo umelipita mbio katika barua yako, nami nakurudisha hapo kwa kukuvuta sikio: uliwaeleza maana ya vile vigingi wanafunzi, mzee wa mtaa, mwalimu mkuu na ofisi ya elimu, ila hukumweleza mwanamke aliyekuwa akiwachemshia chai hatua chache kutoka hapo. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini hata kumwambia mama "usiviguse" kulikushinda? Mke wa mwashi, aliyemshikia mumewe uzi miaka yote ile, unamwachia mstari unaopinda nyuma ya nyumba yake kisha unashangaa ameunyoosha?

Kwa hiyo maneno ya kuwaambia majirani unayo, na hayahitaji kukaririwa. "Niliweka vigingi bila kumweleza aliyekaa navyo, vikasogezwa, nikawapa habari isiyo ya kweli. Ardhi inatembea. Tokeni." Wakikuuliza nani alivisogeza, usizunguke, sema ni mama na alidhani anawasaidia watoto. Wengine watasema maneno. Watu wakiwa hai husema maneno, tuwaache wayaseme.

Na ni leo, mwalimu, si baada ya kuongea tena na kaka. Anza na fundi cherehani, usiongeze mwendo, ingia ndani, kaa, mtazame usoni. Akikufokea, stahimili. Akikufukuza, toka, lakini toka na kichanga na mamake wakiwa mbele yako. Kisha nenda kwa mzee wa mtaa, na mkaripoti pamoja kwa wanaohusika na maafa, ili watu wapate pa kulala. Kaka yako mwambie aje na gari la mizigo au anyamaze, hakuna la tatu.

Mwalimu mkuu ashushe kile cheti. Kumsingizia mtoto kosa la mtu mzima ni somo ambalo mtoto halisahau, na mwaka kesho ungekuwa unawafundisha miamba wanafunzi wasioamini neno lako hata moja. Shubiri usimwite pembeni ukamnong'oneza samahani. Alichekwa mbele ya darasa, basi asafishwe mbele ya darasa, mbele ya walewale waliocheka. Mwambie, "Ulikuwa sahihi, na mimi nilikosea kukunyamazisha." Na siku nyingine mwanafunzi akikuonyesha mlango usiofunga, nenda ukautazame.

Kuhusu klabu yako, usiivunje kwa aibu. Kujitolea si nyasi na picha ya gazetini peke yake. Mtaa unahama, vyombo vya watu vinahitaji kubebwa, wazee wanahitaji kushikwa mkono, kuna kazi tele. Ila wabebe wakiwa kule chini barabarani, kwa ruhusa ya wazazi wao, na tone la kwanza likidondoka kila mtoto awe kwao.

Sasa mama. Hukuniuliza kama alijua, nami nitakujibu. Mtu anayeziba ufa wa kaburi, ukatoka mwingine, akauziba nao, huyo anaona. Naamini mara za mwanzo aliwanyooshea watoto, kwa moyo mweupe. Baadaye nadhani alikuwa anajinyooshea mwenyewe, kwa sababu mstari ukinyooka anabaki na mumewe siku nyingine. Sidhani hata yeye angeweza kukuambia lini lile la kwanza liliisha na hili la pili likaanza. Mimi ni mjane, mwalimu. Viatu vya marehemu wangu vilikaa mlangoni mpaka panya wakavila, na kila mgeni akiuliza ni vya nani nilisema ni vya mwenye nyumba. Kwa hiyo usimuulize. Jibu lake halitamtoa mtu hata mmoja mlimani, na litamkaa yeye kifuani mpaka mwisho.

Ile "mtanikuta humuhumu" usiiogope kupita kiasi. Anayesema hivyo anataka kubembelezwa, na wewe unampa dawa kisha unakimbia. Nenda ukambembeleze. Lakini usimdanganye. Usimwahidi kwamba mtalihamisha kaburi, ulizieni kwanza kwa viongozi wa dini na wa serikali, na mvua huenda isiwasubiri. Kaa naye chini, mshike, umwambie, "Mama, hata ukibaki, baba hatabaki." Ni maneno mabaya kumwambia mzazi, na hakuna mwingine wa kuyasema ila wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeujua udongo ule na ndiye unayempenda.

Mpe muda afagie mara ya mwisho, aseme naye anachotaka kusema, nawe ukae mbali kidogo usisikie. Godoro lake litoke mchana kweupe, litangulie magodoro yote ya mtaa, maana kuna watu hawatatoka mpaka wamwone yeye ametoka. Kisha mshike mkono, mteremke.

Na akilia njiani usimnyamazishe. Mwache alie anavyotaka, ila msisimame.